Mwalimu Mbae na Kisahani Kilichoteleza

Tarehe 31 Desemba 1998, Mwalimu Japheth Mbae atastaafu baada ya kuwahudumia watoto wa nchi hii kwa miaka thelathini na miwili, kumi na minane kati yake hapa Shule ya Upili ya Wasichana ya Gatharani. Amefundisha Jiografia, amesimamia michezo, na aliwahi kukaimu cheo cha naibu wa mwalimu mkuu kwa mihula miwili, kazi aliyoirudisha mwenyewe akisema kile kiti kinamuumiza mgongo.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Teresia Wawira wa Fizikia, niandike wasifu huu, na imeniomba pia niwachekeshe wageni. Nitajitahidi. Lakini wiki jana Mwalimu Mbae mwenyewe alinifuata maabara, akafunga mlango, akasema, "Wawira, usiniandikie mahubiri ya mazishi. Ila ya mwaka wa tisini na mbili usiyaruke." Basi sitayaruka.

Alizaliwa Kianjai, Tigania, mwaka wa 1943. Alianza kufundisha shule ya msingi mwaka wa 1967, akarudi chuoni, akapata diploma, na mwaka wa 1980 akashushwa na basi hapa Mbeere, sanduku moja mkononi. Wasichana walicheka matamshi yake ya Kimeru, na yeye akacheka matamshi yao ya Kimbeere, wakapatana. Uwanja wetu wakati huo ulikuwa miiba na vichuguu. Aliusafisha kwa mihula mitatu, akamwaga saruji ya duara la kurushia kisahani kwa mikono yake.

Wasiojua mchezo huo, kisahani ni bamba la mbao lenye ukingo wa chuma, kilo moja kwa wasichana. Mrushaji husimama ndani ya duara, huzunguka mara moja na nusu kama pia, kisha hukiachilia. Katika miaka hiyo ya kwanza Mwalimu Mbae alifundisha kama wengi walivyofundisha. Alitafuta msichana mwenye mabega mapana, akamwambia azunguke kwa nguvu na arushe kwa nguvu. Wavu wa kinga hatukuwa nao. Shule jirani hazikuwa nao pia, na hakuna aliyeuliza.

Alhamisi tarehe 12 Machi 1992 mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha asubuhi. Saa kumi jioni timu ilikuwa uwanjani. Kaari, wa kidato cha pili, alikuwa ameshika tepu ya kupimia. Mwalimu Mbae alimwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama, upande wa kulia wa duara, hatua kama kumi na mbili.

"Hapo hapo," alimwambia. "Usisogee, utaona vizuri."

Aliyeingia duarani alikuwa Mashavu Idrisi, wa kidato cha kwanza, binti wa muuza nyama wa Majengo pale mjini Embu. Alikuwa na wiki tano tu shuleni na tayari alikuwa amewashinda wasichana wa kidato cha nne. Alizunguka. Kisahani kilikuwa na unyevu. Kilimponyoka kabla mkono haujafika mbele.

Sisi tuliokuwa madarasani tulisikia mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Ni kile kimya kilichotutoa nje mbio. Kaari alikuwa amelala ubavu, tepu bado mkononi, na damu ikitoka sikio la kushoto. Mashavu alikuwa bado duarani, mkono wake umenyooka mbele kama mtu anayeomba kurudishiwa kitu.

Gari la shule lilikuwa gereji. Tulimpakia Kaari kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa ndengu, juu ya magunia, na Mwalimu Mbae akakaa amekishika kichwa chake kati ya viganja viwili hadi Embu. Barabara yetu mnaijua. Dereva aliniambia baadaye kwamba kila walipokaribia shimo alimsikia mwalimu akihesabu kwa Kimeru, moja mpaka tano, kisha tena moja mpaka tano. Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto.

Fuvu lilikuwa limepasuka. Kaari hakufungua macho siku hiyo, wala iliyofuata, wala siku tano zilizokuja.

Siku hizo nane siwezi kuzieleza vizuri. Simu ya ofisi ilipolia, watu kwenye chumba cha walimu waliacha kutafuna. Mwalimu Mbae alishindwa kushika chaki. Ramani ya Bonde la Ufa ilitoka mikwaruzo mitupu, na darasa zima likajifanya linaandika. Wasichana waliacha kupita karibu na uwanja. Walisema duara lile limeonja damu na litataka nyingine.

Siku ya tano akaja Kithaka, kaka wa mama yake Kaari, yaani mjomba wa mtoto. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu na panga limefungwa gunia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mimi natafuta yule mtu wa Meru alimwambia mtoto wetu asimame pale."

Mwalimu Mbae aliinuka kutoka kona. "Ni mimi," alisema.

"Wewe ndiye ulisema asisogee?"

"Ndiyo. Nilisema."

Kithaka alilikaza gunia kwenye panga. "Mtoto akiamka, tutaongea kama watu. Asipoamka, usilale hapa Mbeere."

Alipoondoka tulimshauri Mwalimu apande gari la Kianjai jioni hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alishaandika ruhusa. Alikataa. Aliniambia kwamba akipanda gari hilo hatawahi kushuka. Aliendelea kukaa, na kila mbwa alipobweka upande wa barabara nilimwona akigeuza shingo.

Siku ya nane Kaari aliamka na kuomba uji. Alikuwa amepoteza usikivu wa sikio la kushoto, na mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo, lakini alimtambua mama yake. Januari mwaka uliofuata alirudi shuleni, akarudia kidato cha pili, akamaliza. Leo ana cherehani yake na mafundi wawili mjini Siakago. Nayaandika haya mapema ili msomaji asibaki na wasiwasi tuliobaki nao sisi.

Wakaguzi walikuja, wakaandika kwamba ilikuwa ajali. Mwalimu Mbae alisoma barua yao, akaikunja, akachukua visahani vyote sita vya shule, akavifungia ndani ya sanduku la bati stoo. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyerusha kitu chochote Gatharani, hata mpira wa pete ulitazamwa kwa mashaka.

Mashavu naye alikuwa amekimbilia kwao siku ile ile. Baba yake, Mzee Idrisi, alimrudisha baada ya mwezi, akamwambia mwalimu mkuu, "Mtoto wangu hali, halali. Mpeni hata kazi ya kufagia, lakini akae na wenzake." Alikaa. Lakini jikoni aliomba awe anapakuliwa githeri kwenye kikombe. Wapishi walidhani ni maringo. Siku moja nilimuuliza, naye akanijibu bila kuinua uso, "Mwalimu, sahani ikiwa mkononi mwangu naona kama itaenda."

Agosti 1993 Mwalimu Mbae alipelekwa kwenye kozi ya makocha ya wiki mbili. Alikwenda kwa sababu jina lilikuwa limeshaandikwa. Alirudi na daftari la kurasa tisini na sita lililojaa vijiti vilivyochorwa kama watu: mtu amekunja goti, mtu amegeuza nyonga, mtu ameachia. Wataalamu huiita biomekanika. Yeye aliiita elimu ya mwendo wa mwili, na hajawahi kuibadilisha jina. Alikuja nalo moja kwa moja maabara kwangu.

"Wawira," alisema, "wewe ni mtu wa Fizikia. Kitu kinachozungushwa kikiachiliwa, kinaenda wapi?"

Nilifunga kifutio kwenye uzi, nikakizungusha juu ya kichwa, nikauachia. Kifutio hakikufuata duara. Kilikwenda moja kwa moja kuelekea upande kilikokuwa kinatazama wakati ule. Nilimchorea ubaoni. Mrushaji wa mkono wa kulia akiachia kwa wakati wake, kisahani kinakwenda mbele. Akichelewa, kinakwenda kushoto. Kikimponyoka mapema, kinakwenda kulia.

Alitazama ubao. Rangi ilimtoka usoni nikadhani ataanguka, nikamsogezea stuli.

"Mapema, kulia," alisema. "Na mkono wenye maji huponyoka mapema. Kwa hiyo sikumweka karibu na hatari. Nilimweka mlangoni pake."

Nilichokuwa nimekichora kilikuwa sahihi.

Nilidhani hapo ndipo atakapolitupa daftari. Badala yake alianza kuja maabara kila Jumatano baada ya vipindi. Aliniambia jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi: kwamba shule jirani zote zinarusha, na kila mwalimu anamwonyesha mtoto mahali pa kusimama kwa kidole, kama alivyofanya yeye, na hakuna hata mmoja anayejua. Tangu siku ya kile kifutio, alisema, hofu yake ilikuwa imeacha kuwa ya Kaari peke yake.

Kitu cha kwanza kilikuwa kizimba cha wavu. Tulipata nguzo saba za mti wa mukau, lakini wavu wenyewe haukupatikana. Mwalimu Mbae alikwenda kwa mama yake Kaari, Mama Nelius, kumwomba ruhusa ya kufungua mchezo tena. Nilimsindikiza, na nakiri niliogopa mno, maana Kithaka alikuwa amekaa uani akichonga mpini. Mama Nelius alikuwa akisuka kiondo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

"Ruhusa sina," alisema. "Ukiniomba ruhusa leo, kesho itatokea mambo, utasema Nelius alikubali."

"Ni kweli, mama," alisema Mwalimu.

"Huo wavu unataka uwe na macho makubwa namna gani?"

Mwalimu alionyesha kwa vidole, upana wa inchi mbili. Mama Nelius aliweka kiondo chini.

"Leta mkonge. Kamba ya dukani itaoza mvua moja. Nitasuka na wamama wa kanisa. Lakini sikusamehei kwa sababu ya hii, unasikia? Nasuka kwa sababu kuna watoto wengine."

Walisuka wiki sita. Siku ya kuufunga, Kithaka ndiye aliyepanda nguzo. Aliposhuka alivuta kamba ya chini kwa uzito wake wote, mara tatu, akamtazama Mwalimu Mbae, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakumtafuta tena kwa panga, wala hakumsalimia mpaka mwaka uliofuata.

Januari 1994 Mwalimu alimwita Mashavu. Msichana alisimama nje ya kizimba, mikono ameificha nyuma. Mwalimu alimwambia kwamba hatashika kisahani mpaka aombe mwenyewe, na kwa miezi minne hawakukigusa. Alichora nyayo kwa chaki kwenye saruji. Mguu wa kushoto unageukia kidoleni, wa kulia unatua katikati ya duara, wa kushoto unafunga mbele kama mlango. Nguvu, alifundisha, hupanda kutoka ardhini. Mguu huanza, nyonga hufuata, bega hufuata nyonga, na mkono huja mwisho kabisa, ukivutwa, si ukivuta. Mashavu alirusha taulo lenye fundo, kisha pete za mpira wa tairi, kisha tairi la baiskeli. Katika kipindi hiki ndipo wasichana walipompa Mwalimu jina la Digrii, maana alianza kuona pembe kila mahali. Aliwaambia wapishi kwamba mahindi ya muthokoi humwagika kwa sababu sufuria imeinamishwa zaidi ya digrii thelathini na tano. Walimfukuza jikoni, na walikuwa na haki.

Mwezi wa Mei Mashavu aliomba kisahani. Kililetwa kimekaushwa, mkono ukapakwa vumbi la chaki, watu wote wakahamishwa uwanjani. Mita ishirini na mbili. Wiki baada ya wiki, ishirini na mbili, ishirini na tatu, na mara kwa mara kimoja kinagonga wavu upande wa kulia kwa kishindo. Kila kishindo, Mwalimu Mbae alishika nguzo iliyokuwa karibu naye.

Hatukujua kosa liko wapi, kwa macho ya kawaida hatukuliona. Ndipo tulipomwomba Runji, mpiga video wa harusi kutoka Embu, aje na kamera yake. Alirekodi mirusho kumi, akatuachia kanda. Jioni tulikaa chumba cha walimu, sisi watatu, Mwalimu, Mashavu na mimi, jenereta ikinguruma nje. Kanda ile ina picha ishirini na tano kwa kila sekunde. Nilikuwa nikiisimamisha moja moja, nami nimebandika karatasi ya nailoni kwenye kioo cha televisheni ili kuchora mistari ya mguu, nyonga na mkono.

Mguu ulikuwa sawa. Nyonga ilikuwa sawa. Picha ya kumi na saba, mkono ulikuwa bado nyuma ya nyonga kama inavyotakiwa. Picha ya kumi na nane, kichwa kilianza kugeukia kushoto. Picha ya kumi na tisa, vidole vilianza kufunguka mapema. Nilirudisha nyuma. Mwalimu Mbae alisogea karibu na kioo.

"Mashavu," alisema polepole, "mwanangu, hapa umefumba macho."

Nilipeleka kanda kwenye mrusho wa pili, wa tatu, wa saba. Yote kumi, picha ile ile, macho yamefumbwa.

"Naogopa kuona kinaenda wapi," alisema Mashavu.

"Hata mimi," alisema Mwalimu. "Lakini ona. Ukifumba, kichwa kinakimbia. Kichwa kikikimbia, bega linakifuata, vidole vinafunguka kabla. Kinakwenda kulia kwa sababu hutaki kukiona kikienda kulia."

Mashavu alilia pale pale mbele ya kioo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu ile siku. Alipomaliza alifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akauliza atazame wapi. Mwalimu alimchagulia ncha ya mkungugu mrefu ng'ambo ya uzio. Kazi ya muhula mzima ilikuwa hiyo tu, kuutazama mti ule mpaka kisahani kiwe kimeondoka. Oktoba alifika mita thelathini na moja. Machi iliyofuata, thelathini na sita, na wavu wa kulia ukawa hauguswi.

Aprili 1995 alifuzu kuingia mashindano ya mkoa, yaliyofanyika Meru. Tulifika, tukaona uwanja hauna kizimba. Kulikuwa na kamba moja tu ya kuzuia watu, na upande wa kulia wa duara, hatua chache, waamuzi wawili na meza yao na mwanamke mmoja mwenye tepu. Nilimtazama Mwalimu Mbae. Midomo yake ilikuwa imekauka ikawa myeupe.

Alikwenda kwa mwamuzi mkuu, akamweleza kwa heshima. Mwamuzi alimwambia wamekaa pale tangu asubuhi na hakuna aliyekufa. Mwalimu alieleza tena. Alichora duara kwenye vumbi kwa kidole. Mara ya tatu akapaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake, na akatolewa nje ya kamba na askari wawili kwa kosa la kuchelewesha mashindano.

Jina la Mashavu likaitwa. Aliingia duarani. Kutoka nyuma ya kamba hatungeweza kumwambia kitu, na Mwalimu Mbae alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mashavu aliitazama ile meza upande wa kulia. Kisha aliinama, akakiweka kisahani chini, akasimama wima.

"Rusha!" alisema mwamuzi. "Una dakika moja."

"Sitarusha watu wakiwa hapo."

"Mrusho utafutwa."

"Ufutwe."

Bendera nyekundu ilipanda. Mrusho wa kwanza ukaenda bure. Wa pili, aliweka tena kisahani chini, bendera ikapanda tena. Uwanja ulikuwa umeanza kuzomea. Mirusho ni mitatu, na wanaoongoza huongezewa mingine mitatu; akiukosa wa tatu alikuwa nje ya mashindano, na miaka yote ile ingeishia pale. Mwalimu Mbae hakusema arushe, wala hakusema asirushe. Nilimsikia tu akihesabu kwa Kimeru, moja mpaka tano.

Kabla ya mrusho wa tatu, yule mwanamke mwenye tepu aliinuka. Aliwatazama wenzake, akamtazama msichana, akachukua kiti chake, akakibeba mpaka nyuma ya duara. Mwamuzi wa pili akamfuata. Mwamuzi mkuu alibaki na meza yake peke yake, akaona haya, akaiburuta.

Mashavu aliokota kisahani. Mrusho ule ulifika mita thelathini na nane na sentimita arobaini. Alishika nafasi ya pili mkoani, na mirusho yote minne aliyorusha ilitua ndani ya mistari.

Mengine yako kwenye kumbukumbu za shule: wasichana saba waliofika ngazi ya mkoa, wawili ya taifa, na Mashavu mwenyewe ambaye sasa yuko chuo cha ualimu. Zaidi ya hayo ni lile daftari. Mwalimu Mbae alilinakili kwa mkono mara kumi na nne, akapeleka nakala shule kumi na nne za Embu, Mbeere na Meru, mara nyingine kwa miguu. Ukurasa wa kwanza hauna kijiti hata kimoja. Una mchoro wa duara na maneno, "Mtu asisimame hapa." Shule tisa kati ya hizo leo zina kizimba.

Hofu haikumwacha. Ningedanganya nikiandika vinginevyo, na yeye angelifuta. Katika mazoezi ya mwisho mwezi uliopita nilimtazama kwa makini, nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka yote hii. Kisahani kinapoondoka, kila mtu huinua uso kukifuata. Yeye hapana. Yeye hutazama watu, mmoja mmoja, mpaka asikie kimegonga ardhi, ndipo huuliza ni mita ngapi. Mirusho yote iliyoipa shule hii vikombe, hajauona hata mmoja ukitua.

Mwalimu Mbae, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na wasichana wa Gatharani, asante. Kesho kutwa tutarusha kisahani kimoja kwa heshima yako. Watu tutawahesabu sisi. Wewe keti kwenye kiti, inua uso, ukitazame mpaka kitue. Kisha nenda Kianjai salama, ukapate afya, mvua ya wakati wake, na maisha mema marefu.